Hiti 7 kwa zamu 40: kisa cha dogo ambaye swingi yake haikuwa na shida

Dogo ana miaka 12, nitamwita Namba 7 maana ndo jezi yake. Nimemjenga kutokana na watoto wengi wa aina yake na namba nimezipanga mwenyewe ziwe rahisi kufuatwa, ila shida yake ni ya kweli kabisa, kaa na timu ya watoto wa besiboli msimu mmoja tu utakutana nayo.

Nusu ya kwanza ya msimu alisimama kwenye pleti, pale mpigaji anapongoja mpira, mara 47. Mara 6 alipewa besi ya bure (kwenda kituo cha kwanza bila kupiga) kwa boli nne, yaani mipira iliyopita nje ya eneo halali naye akaiacha, mara 1 mpira ulimgonga mwilini, na hizo 7 haziingii kwenye zamu rasmi za kupiga, kwa hiyo zinabaki zamu 40. Katika hizo 40 alipata hiti 7 (kugonga mpira ukafika besi salama) na straikauti 18 (kutolewa kwa straiki tatu, na straiki ni kuswingi ukakosa au kuacha mpira uliopita eneo halali). Wastani, yaani hiti kwa zamu, ni 0.175. Kwenye timu yenye wapigaji kumi na wawili alikuwa wa pili kutoka mkiani, na mtoto wa miaka 12 anaijua nafasi yake hata kama hakuna mtu aliyemwambia, alishaanza kwenda kwenye pleti ameangalia chini.

Kila mtu mzima aliyekuwa karibu alikuwa na dawa yake. Mmoja anasema kiwiko cha nyuma kinashuka mno, mwingine anasema dogo anachelewa kwahiyo aanze swingi, yaani kuzungusha rungu, mapema, mwingine anasema rungu zito apewe jepesi. Wiki moja nikamkuta anapiga mazoezi huku anajaribu yote matatu kwa mpigo, amekakamaa kama amefungwa ubao mgongoni. Hapo ndo nikasema basi, hakuna anayegusa swingi ya huyu mtoto mpaka tujue tunatibu nini.

Kabla hata ya kufungua daftari kuna hesabu moja ambayo natamani kila kocha na kila mzazi aifanye. Chukua mpigaji ambaye uwezo wake halisi ni 0.250, yaani kwa muda mrefu anapata hiti moja kila zamu nne. Mpe zamu 40. Utategemea hiti 10, sawa, lakini kwa bahati peke yake, bila yeye kubadilika chochote, mara nyingi ataangukia popote kati ya 7 na 13. Hiti 7 ni 0.175 na hiti 13 ni 0.325. Mtoto yuleyule, swingi ileile, kwenye karatasi moja anaonekana mzigo na kwenye nyingine anaonekana nyota. Kwahiyo 0.175 peke yake haikuwa inatuambia karibu chochote, na sisi tulikuwa tayari kubomoa swingi ya mtoto kwa ajili yake.

Sasa daftari. Dada mkubwa wa mchezaji mmoja ndo alikuwa anatuandikia, binti makini sana, na mwanzoni mwa msimu nilimwomba asiandike matokeo tu bali kila mpira unaorushwa. Kila mpira una vitu vinne: hesabu ya boli na straiki kabla haujarushwa, ulipita wapi, dogo aliswingi au aliuacha, na kama aliugonga, aliugonga vipi. Kwa sehemu ulipopita tulichora kisanduku cha straiki, lile eneo juu ya pleti ambalo mpira ukipita ni straiki hata usiposwingi, kikagawanywa tisa, tatu kwa tatu, halafu nje yake pande nne. Ted Williams, yule mpigaji wa Marekani aliyepiga wastani wa 0.406 mwaka 1941, yeye alikigawanya kisanduku chake kwenye mipira 77, safu 11 za mipira 7, na kila mpira akauandikia wastani anaodhani angeupata hapo, katikati 0.400, kona ya chini nje 0.230. Sisi macho yetu yako pembeni ya uwanja nyuma ya wavu, vipande 77 ni kujidanganya, tisa vinatosha. Na kwa namna ya kugonga tuliandika herufi moja tu, I kwa imara na L kwa laini, maana hatuna rada wala kamera, tuna masikio, na ukweli ni kwamba mpira uliogongwa sawasawa unausikia hata ukiwa umegeuka.

Zamu moja ilikuwa inaonekana hivi kwenye daftari, hii ni ya mechi ya sita na nimeisoma mara nyingi mpaka naikumbuka. Mpira wa kwanza, katikati kabisa, usawa wa mkanda, ameacha, straiki. Wa pili, katikati ndani, usawa wa mapaja, ameacha, straiki. Wa tatu, nje mbali, ameacha, boli. Wa nne, chini nje, karibu uguse vumbi, ameswingi, hewa. Kwenye karatasi ya kawaida hiyo yote inaandikwa K moja, herufi aliyoichagua mwandishi wa besiboli Henry Chadwick karne ya 19 kwa straikauti, na mwisho wa siku ukijumlisha unaona K tu. Hiyo K ilificha kwamba dogo aliletewa mipira miwili mizuri kuliko yote atakayoiona siku hiyo na rungu halikutoka begani.

Kusoma kwetu kwa kwanza tulikosea, na naeleza jinsi tulivyokosea kwa sababu ni kosa rahisi sana. Tulijumlisha swingi zake zote za nje ya kisanduku na tukakuta 21 ziko pembe ya chini nje. Tukasema hapo ndo shida ilipo, dogo haoni vizuri mpira wa chini nje, tukamwekea mazoezi ya kuuacha. Wiki nzima. Akiwa mazoezini alikuwa anauacha vizuri tu, bila hata kutoa jasho, mechi ikifika anaukimbilia tena. Yule binti wa daftari ndo aliniambia, "Kocha, hebu tuzigawe kwa hesabu ya straiki." Tukagawa. Akiwa hana straiki mbili, aliletewa mipira 30 sehemu ile na akaswingi 4 tu. Akiwa na straiki mbili aliletewa 24, akaswingi 17. Macho yake yalikuwa mazima kabisa. Mtoto alikuwa anauona mpira ule vizuri kuliko wenzake wengi, sema akishakuwa na straiki mbili anaogopa kuitwa auti (kutolewa) amesimama bila kuswingi, na pitcha, yaani mrushaji, mwenye straiki mbili mkononi hana sababu ya kukuletea mpira mzuri.

Swali likahama basi. Siyo kwanini anaswingi mipira ya chini nje, ila kwanini kila mara anajikuta na straiki mbili.

Tukarudi mpira wa kwanza wa kila zamu. Mipira 47. Kati ya hiyo 29 ilipita ndani ya kisanduku na 18 nje. Ile 18 aliiacha yote, safi kabisa. Ile 29 ya ndani aliswingi minne, akaacha 25. Mipira ishirini na mitano! Na fuata kilichotokea baada ya hapo. Mara 18 alizoanza na boli 1 straiki 0, alipata besi za bure 5, akagongwa mwilini mara 1, na kwenye zamu 12 zilizobaki hiti 4 na straikauti 3 tu. Mara 27 alizoanza akiwa nyuma, boli 0 straiki 1, yaani zile 25 alizoacha na mbili alizogonga faulo (mpira ukatoka nje ya mistari, nayo inahesabiwa straiki), alipata besi ya bure 1, hiti 2 kwenye zamu 26, straikauti 15. Ile minne ya kwanza aliyoswingi, miwili ndo hizo faulo, miwili iliingia uwanjani na mmoja ukawa hiti.

Hapa kuna tahadhari ambayo lazima niitaje, maana mtu anaweza kuchukua hizi namba akakimbia nazo. Pitcha anayeanza na straiki kila mara mara nyingi ni pitcha mzuri, na pitcha mzuri anamsumbua kila mtu, kwahiyo siyo haki kusema straiki ya kwanza peke yake ndo ilimuua dogo. Sehemu ya tofauti hiyo ni ubora wa pitcha. Ila 25 kwa 29 siyo ya pitcha, kuacha ni uamuzi wa mpigaji.

Kitu kingine kilichonipa moyo ni zile I na L. Jumla aligonga mipira 22 ikaingia uwanjani. Aliyoigonga kabla ya straiki mbili ni 12 na katika hiyo 7 ilikuwa imara. Aliyoigonga akiwa na straiki mbili ni 10, imara 2. Na ile imara 9 yote kwa pamoja, minne ilidakwa moja kwa moja na watu waliokuwa wamesimama palepale mpira ulipoenda. Hiti 7 kwa mipira 22 iliyoingia uwanjani ni karibu 0.318, namba ambayo haina aibu yoyote. Kiwiko kilikuwa sawa. Rungu lilikuwa sawa. Dogo akiswingi mpira mzuri anaugonga, kazi ni kwamba mipira mizuri alikuwa haiswingi.

Daftari lilituambia wapi na lini, ila kwanini haliwezi kusema, hiyo ilibidi nimuulize mwenyewe. Sikumuulizia mbele ya wenzake, nilimngoja tukiwa tunakusanya mipira baada ya mazoezi, nikamuuliza mpira wa kwanza huwa anauonaje. Akanyamaza kidogo akijifanya anafunga mfuko. Alafu akasema, "Naupenda kocha, ila nikikosa ule wa kwanza watu wanaguna. Nikiuacha hawasemi kitu."

Nilikaa kimya, maana alikuwa anasema kweli. Benchi letu na wazazi nyuma ya wavu, mtoto akiswingi mpira wa kwanza akakosa unasikia ile "aaaah" na wengine wanasema "tulia, chagua mpira!", na mimi mwenyewe neno chagua nimelitumia mara ngapi sijui. Akiacha straiki katikati ya kisanduku tunapiga makofi, "safi, umeona vizuri". Sisi ndo tulimfundisha kuacha. Alikuwa mwanafunzi mzuri tu.

Tulichobadilisha ni vitu vichache. Kwanza benchi. Niliongea na wazazi na wachezaji wote, sikutaja jina la mtoto yeyote, nikaomba kwamba swingi ya kwanza ikikosa tuishangilie kama ilikuwa mpira mzuri, na asiyeweza kushangilia anyamaze. Hiyo ilikuwa ngumu kuliko mazoezi yote, wazee wengine walikuwa wanaguna kwa mazoea kabla hawajakumbuka.

Pili tukampa mpira wake. Tulichukua kile kisanduku cha tisa tukaangalia mipira imara inatoka wapi, na kwake yeye anayepiga kwa mkono wa kulia ilikuwa katikati na katikati ndani, kuanzia mapaja mpaka mkanda. Vipande viwili tu. Nikamwambia, mwanangu, ukiwa huna straiki, hivi viwili ni vyako, mpira ukija humo swingi kwa nguvu zako zote, hata ukikosa umefanya kazi yako, usipokuja humo uache hata kama ni straiki. Hii ya mwisho ni muhimu kwa sababu sheria za Little League, shirika la besiboli ya watoto, zinahesabu kisanduku kuanzia kwapani mpaka juu ya magoti na pleti ina upana wa sentimita 43, ni eneo kubwa kwa mtoto, na pitcha anarushia umbali wa mita 14 tu. Mpira wa kilomita 80 kwa saa unamfikia kwa kama sekunde 0.6. Ndani ya muda huo huwezi kumwambia mtoto afikirie vipande tisa, viwili anaweza.

Mazoezi yenyewe ni ya kawaida. Unamrushia kwa chini kutoka mbele na yeye kila mpira anaanza mwili wake kama anaswingi, moyoni anasema ndiyo, ndiyo, ndiyo, na anageuza kuwa hapana dakika ya mwisho kama siyo mpira wake. Watoto wengi wanafanya kinyume, wanasema hapana mpaka wahakikishe, na wakishahakikisha mpira umeshapita. Pia tulimsimamisha na rungu pembeni wakati pitcha wetu wanapasha mikono, haswingi, anataja tu "wangu" au "siyo wangu" kabla mpira haujafika kwenye glavu ya mdakaji. Dakika kumi, haichoshi mtu. Na kwa straiki mbili, ashike rungu juu kidogo, vidole viwili hivi kutoka kwenye kitako, asogee karibu na pleti, lengo ni kugusa mpira tu.

Mechi tano za kwanza baada ya hapo hazikwenda vizuri. Akaanza kuswingi kila mpira wa kwanza. Swingi 9 za mpira wa kwanza, 4 zilikuwa nje ya kisanduku kabisa, moja ilikuwa juu ya kofia. Yaani alielewa kwamba anatakiwa aswingi, basi. Kosa langu, maana nilikuwa nashangilia swingi wakati nilitakiwa kushangilia uamuzi. Tukarekebisha, benchi likaanza kumshangilia hata akiuacha mpira wa kwanza wa kona, binti wa daftari akawa anainua kidole gumba kila uamuzi unapokuwa sahihi iwe ameswingi au ameacha, na dogo akawa anamwangalia yeye kabla ya kuniangalia mimi. Mechi ya saba ikatulia.

Nusu ya pili yote kwa pamoja, na hizo mechi tano mbaya zimo, alisimama mara 43. Besi za bure 6, kugongwa 1, zamu 36, hiti 10, straikauti 9. Wastani 0.278 kutoka 0.175. Kufika besi kwa njia yoyote, 17 kwa 43, karibu 0.395, kutoka 14 kwa 47 ambayo ni 0.298. Mpira wa kwanza ulioingia ndani ya kisanduku ulikuwa 26 na akaswingi 13.

Mzee wake alifurahi sana na ule wastani, akauliza kama tunaweza kusema dogo amepanda kwa pointi mia. Nikamwonyesha ile hesabu ya bahati. Tofauti kati ya 7 kwa 40 na 10 kwa 36 ni ndogo mno kwa zamu chache hivyo, mtoto ambaye hajabadilika chochote anaweza kukupa karatasi zote mbili bila shida. Hata hiti zake za nusu ya pili nina uhakika kuna mbili tatu zilianguka pazuri tu. Wastani usingeniambia kama tumefanikiwa, na ungekuwa umeshuka pia usingeniambia tumeshindwa. Hii namwambia kila mzazi, na wengi hawaipendi.

Ila 4 kwa 29 kwenda 13 kwa 26 ni kitu kingine. Kutoka asilimia 14 mpaka 50, bahati haikupi hiyo kirahisi, hiyo ni tabia imebadilika. Na ina sababu, kwa sababu kila mpira unaorushwa unahesabika na hautegemei nani kasimama wapi uwanjani, uamuzi ni wa mtoto mwenyewe kwa hiyo unaonekana mapema kuliko hiti. Straikauti kutoka 18 kwa 47 mpaka 9 kwa 43 iko katikati, inaelekea pazuri, inaaminika kuliko wastani, lakini bado nataka kuona mechi nyingine. Ndo maana karatasi tunayomwonyesha dogo kila Jumamosi haina wastani kabisa. Ina mistari miwili: mipira yako mingapi imekuja ukiwa huna straiki, na mingapi umeiswingi.

Kuna siku, karibu na mwisho wa msimu, mpira wa kwanza ukaja katikati ndani, mapaja, akaswingi kwa nguvu mpaka kofia ikamshuka usoni, na akakosa. Kimya kidogo, alafu benchi zima likalipuka kama amepiga homuran. Akaweka kofia sawa, akaangalia nyuma ya wavu akaona kidole gumba kimeinuka, akarudi kusimama. Zamu ile aliishia kudakwa uwanjani kati, mpira imara, I kwenye daftari, auti kwenye karatasi ya matokeo. Alirudi benchi anakimbia.

Kilichobaki ambacho sijakielewa ni mapitcha wa mkono wa kushoto. Anaonekana anajivuta nyuma kidogo wakianza kurusha, mimi nimeliona na binti ameliona, lakini msimu mzima amewakuta mara 8 tu na hizo 8 siwezi kuzigusa. Safu imeshaongezwa kwenye daftari jipya, mkono wa pitcha, kulia au kushoto, tuanze kujaza mechi ya kwanza.